Neno “Set” na Ukoo Wake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya jambo la lugha litakalowafaa wanafunzi wa vidato vyote, wala wazazi walisomao gazeti hili nyumbani wasilione kuwa ni la walimu peke yao. Nimechagua neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu tu, nalo ni “set”. Nimelichagua kwa sababu kila mwanafunzi adhani analijua, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna ajisumbuaye kulitazama katika kamusi. Maneno marefu hayamdanganyi mtu. Mwanafunzi akikutana na neno refu la Baiolojia hujua mara moja kwamba halijui, naye huuliza. Lakini akikutana na “set” hupita mbio, maana moyoni amekwisha kulitafsiri: ni kuweka. Basi neno limempotosha, wala hana habari.

Katika madaftari niliyosahihisha nimeona jua “limeweka” nyuma ya mlima, nimeona saruji “imeweka” baada ya saa chache, na nimeona muuguzi “ameweka mkono wa mgonjwa uliovunjika”, isisemwe ameuweka wapi. Mtu aweza kucheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Mtoto katika shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na afikapo Kidato cha Kwanza hukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Neno hili moja atalikuta leo kwa mwalimu wa Hesabu, kesho kwa mwalimu wa Kemia, kesho kutwa katika Jiografia na Kilimo. Kila mwalimu alitumia kwa maana yake, wala hakuna alielezaye, kwa kuwa si neno la somo lake. Neno gumu la Kemia lina mwenyewe, naye ni mwalimu wa Kemia. Neno jepesi halina mwenyewe.

Ukubwa wa neno hili waweza kupimwa. Waingereza wana kamusi moja kubwa kupita zote, iitwayo Kamusi ya Kiingereza ya Oxford. Mmoja wa wahariri wake wakuu alikuwa James Murray, Mskoti, mtoto wa mshona nguo, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14 akajisomesha mwenyewe. Alianza kazi hiyo mwaka 1879 katika banda la mabati, na watu wa nchi nyingi walimpelekea vikaratasi, kila kimoja na sentensi iliyonukuliwa kutoka kitabuni ili kuonyesha jinsi neno linavyotumika. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915 kabla ya kuiona kazi imekwisha, nayo ilikwisha mwaka 1928. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, hakuna neno lililochukua nafasi kubwa kuliko “set”. Kitenzi hicho peke yake kilipewa maana zaidi ya 430, na maelezo yake yalikuwa na maneno yapata 60,000, yaani zaidi ya makala ishirini kama hii unayoisoma. Baadaye, katika masahihisho ya toleo la tatu, neno “run” lilitangulia mbele kwa maana 645 za kitenzi. Mtunga kamusi Peter Gilliver alilifanyia kazi neno hilo moja kwa muda wa miezi kama tisa. Hayo yalitangazwa mwaka 2011. Lakini “run” tuliache likimbie, letu latutosha.

Mwanafunzi asikiapo habari ya maana 430 hukata tamaa, akasema lugha hii ni ya wendawazimu. Basi kwanza tujitazame wenyewe. Mgeni ajifunzaye Kiswahili huambiwa siku ya kwanza kwamba kupiga ni kazi ya fimbo na ngumi. Siku ya pili asikia mwenyeji wake amepiga simu, mama mwenye nyumba apiga pasi, watoto wapiga mswaki, seremala apiga randa, wanachama wapiga kura, na mzee mmoja barazani apiga miayo. Nani ameumizwa? Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, kazi ya Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ililipa neno piga nafasi ndefu kwa sababu hiyo. Sisi hatuoni taabu kwa kuwa hatukufundishwa orodha. Tulilisikia neno likiwa na jirani yake, tukawashika wote wawili pamoja: simu, pasi, kura, miayo.

Tena kuna jambo la pili ambalo Kiswahili chetu chatufundisha. Neno piga ni neno moja lenye matawi mengi. Lakini chukua neno kaa. Kuna kaa la moto, kuna kaa wa pwani aendaye upande, na kuna kukaa kitako. Hayo si matawi ya mti mmoja. Ni watu watatu waliokutana sokoni wamevaa kanzu ya rangi moja. Kwetu ngeli hutuonyesha tofauti, maana twasema kaa hili, kaa huyu, wala hakuna awezaye kuyachanganya. Kiingereza hakina ngeli kama zetu. Sasa neno “set” lina mambo yote mawili kwa pamoja: lina matawi mengi kama piga, na ndani yake wamo wageni wawili waliovaa kanzu moja, kama kaa. Mtu asiyejua hivyo atatafuta ukoo mahali ambapo hakuna ukoo.

Tuanze na mgeni wa kwanza, yule wa kitenzi. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, neno lilikuwa “settan”, nalo lilizaliwa na “sittan”, yaani kuketi. “Settan” maana yake ni kuketisha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi, kwani jambo hilo alifanya kila siku kinywani mwake: keti, ketisha, lala, laza, anguka, angusha, nywa, nywesha. Kiingereza nacho kilikuwa na dawa kama hiyo zamani sana, halafu kikaiacha, na yaliyobaki ni makovu tu katikati ya maneno. “Lie” ni kulala na “lay” ni kulaza. “Fall” ni kuanguka, na “fell” ni kazi ya mkata miti, yaani kuuangusha mti. “Drink” ni kunywa, na “drench” hapo kale ilikuwa kunywesha. Wale miongoni mwenu mnaokwenda kuchunga wakati wa likizo mwaweza kulikuta neno hili katika maelezo ya dawa ya minyoo, maana mabwana mifugo hata leo hulitumia kwa kumnywesha ng’ombe au mbuzi dawa. Nje ya zizi watu wamelisahau asili yake, na sasa maana yake ni kulowesha chapachapa.

Basi shika picha moja: kuketisha, yaani kukifanya kitu kikae mahali pake na kitulie hapo. Halafu zunguka nayo. Mama aketisha sahani na vijiko kila kimoja mahali pake, Mwingereza asema “set the table”. Sisi twasema kuandaa meza. Mwindaji auketisha mtego ukakaa tayari, twasema kutega. Mtu aiketisha kengele ya saa imwamshe alfajiri. Hapa pia twasema kutega saa, na napendezwa kuona kwamba mzee wetu aliyesema hivyo mara ya kwanza aliiona saa kuwa ni mtego wa kumnasa mtu usingizini. Mganga wa hospitali azirudisha pande mbili za mfupa zikae zilivyokuwa. Twasema kuunga mfupa. Sonara aliketisha jiwe katika pete. Mfugaji wa kuku amketisha kuku juu ya mayai, na huyu ameketi kweli kweli, si kwa mfano. Sisi twasema kuatamisha. Walimu wayaketisha maswali mbele ya watahiniwa. Twasema kutunga mtihani.

Mahali pa kuketishwa si lazima pawe kiti wala meza. Paweza kuwa hali. Mfungwa aketishwa katika uhuru, nasi twasema ameachiwa huru. Nyumba yaketishwa katika moto, nasi twasema imetiwa moto. Vilevile kitu kilichokwisha kuketishwa hakigeuki tena kwa urahisi: bei isiyopunguzwa huitwa kwa neno hili hili, na uso uliokazwa, na mzee ambaye hata mumfanyie mikutano mingapi hawezi kubadili desturi zake.

Hapo ndipo penye fundo la makala yangu. Mwanafunzi huniuliza, “Mwalimu, set kwa Kiswahili ni nini?” Swali hilo halina jibu, wala halitapata jibu hata likiulizwa mpaka shule ifungwe. Kiingereza kimetazama tendo la kuketisha, kikatumia neno moja kwa kila kinachoketishwa. Kiswahili kimetazama kitu chenyewe, kikatoa neno kwa kila kitu: kuandaa, kutega, kuunga, kuatamisha, kutunga, kutia. Kwa hiyo swali lenye jibu ni hili: je, katika sentensi hii nini kimeketishwa, na watu wa kwetu hulitajaje tendo hilo? Mtoto aliyekulia jikoni, shambani au karakanani mara nyingi analo jibu kuliko kamusi.

Seremala mmoja alinionyesha tendo hili bila kutaja neno. Meno ya msumeno hayasimami yote sawasawa. Hupindwa kidogo, moja kushoto na moja kulia, ili njia likatapo bamba iwe pana kuliko bamba lenyewe, msumeno usibanwe katika mti. Kupinda huko nako Mwingereza hukuita “set”. Niliona meno yale yameketi kila moja upande wake, nikaridhika kwamba picha yetu yafanya kazi hata pale ambapo sikuitazamia.

Na jua je? Jua halimketishi mtu, lenyewe laketi. Waingereza wa kale waliita magharibi ya jua “setlgang”, yaani safari ya kwenda kitini, maana “setl” kilikuwa kiti. Nasi husema jua limetua. Mpagazi hutua mzigo, ndege hutua mtini, jua hutua. Na neno hilo la kutua ni la ukoo mmoja na kutulia na kutuliza. Watu wa visiwa vya baridi na watu wa Ikweta, wasiojuana kabisa, walilitazama jua jioni wakaona jambo moja: msafiri aliyechoka apumzika. Kwa sababu hiyo mwanafunzi aandikaye “jua liliweka” anayo taabu ya bure, maana lugha ya mama yake imekwisha kumpa neno zuri zaidi. Kutokana na “setl” hiyo hiyo Kiingereza kilipata neno “settler”, ambalo wazee wa Kenya walilisikia sana kabla ya uhuru wa mwaka 1963 wakalitamka setla. Kiswahili sanifu chasema mlowezi. Kwa asili yake setla ni mtu aliyejipatia mahali pa kukaa. Kwamba mahali penyewe palikuwa na wenyewe, neno halisemi.

Sasa nije kwenye saruji, maana hapa ndipo neno hili linapokula alama za watu. Mwanafunzi asomapo katika kitabu cha Kemia au cha ujenzi kwamba saruji “sets”, akiisha kuona kwamba kuweka hakufai, hukimbilia neno la pili, nalo ni kukauka. Sentensi yake ya Kiswahili huwa nzuri, na elimu yake ya Kemia huwa imepotea. Kukauka ni kupoteza maji. Saruji haifanyi hivyo. Ikichanganywa na maji, chembe zake huungana na maji yale, na katika muungano huo huota fuwele ndogo sana zinazoshikana na kushikilia mchanga na kokoto zote zilizomo. Maji hayakwenda zake. Yamekuwa sehemu ya jiwe. Ushahidi ni kwamba saruji hushika hata chini ya maji, na bila hivyo nguzo nyingi za madaraja na gati zisingaliweza kujengwa kama zilivyojengwa. Mtu aaminiye kwamba saruji hukauka hataona sababu ya kumwagia maji sakafu mpya asubuhi na jioni. Atamwona fundi aimwagiaye kuwa mpumbavu, ataiacha juani ikauke upesi, na kabla ya mwezi kwisha atahesabu nyufa. Fundi ajua. Huifunika kwa magunia yaliyolowa, huinywesha kwa siku kadhaa, na wahandisi huipima nguvu zake ikiwa na siku 28, kwa kuwa yaendelea kukomaa muda wote huo.

Saruji ya namna tuitumiayo iliandikishwa na Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824, naye aliiita Portland kwa kuifananisha na jiwe la mahali hapo. Tena kiwandani huongezwa jasi kidogo katika kusaga, kwa kazi moja: kuichelewesha saruji isishike upesi mno kabla fundi hajaimwaga na kuisawazisha. Kitabu cha Kiingereza kitasema jasi huchelewesha “setting”. Mtafsiri wa kukauka atasema jasi huzuia maji yasikauke, na hapo kosa limezaa kosa.

Mafundi wa kwetu wana neno lao, nalo ni sahihi kuliko la vitabu vingi: husema zege imeshika. Nawaomba wanafunzi wa Kemia walitumie bila haya. Lafaa pia katika Kilimo, maana Mwingereza husema maua ya mti yame-“set” yakiisha kuchavushwa na kuanza kuwa matunda, nasi husema mti umeshika matunda. Kwa vitu vya jikoni kama jeli twasema kuganda. Na mtu akivunjika mkono akapelekwa hospitali, atalikuta neno mara mbili katika chumba kimoja: kwanza mfupa waungwa, kisha mkono wafungwa bandeji ya plasta, ile ambayo wengi huiita hogo, nayo plasta yashika. Unga ule ni wa jasi iliyochomwa ikapoteza sehemu ya maji yake. Ukipewa maji huyarudisha mwilini na kuwa jasi tena. Mgonjwa huhisi joto plasta ikishika, na joto hilo ni dalili kwamba kuna jambo la kemia litendekalo pale, si kukauka kwa nguo kambani.

Nimekaa sana kwa mgeni wa kwanza. Wa pili hana mengi. Yeye hakutoka kwa Waingereza wa kale. Alitoka katika Kilatini, neno “secta”, lenye asili ya kufuata, akapitia kwa Wafaransa. Maana yake ilikuwa kundi la wafuasi, na ndugu yake mwingine katika Kiingereza ni neno la madhehebu, “sect”. Kwanza lilikuwa kundi la watu, halafu likawa kundi la vitu viendavyo pamoja. Huyu ndiye aliyeingia mapema katika Kiswahili chetu tukamwita seti: seti ya vikombe, seti ya sufuria. Ndiye pia seti ya mwalimu wa Hesabu. Elimu ya seti ilianzishwa na Georg Cantor, aliyetoa andiko lake la kwanza juu ya jambo hilo mwaka 1874. Yeye aliandika kwa Kijerumani, na neno lake lilikuwa jingine kabisa. Waingereza ndio waliochagua “set”. Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa seti ya namba shufwa, asitafute ndani yake kitu kilichoketishwa. Atafute kundi. Kule kukutana kwa sauti kulivifanya vitenzi na majina haya yaathiriane kwa karne nyingi, lakini mwenye kuyatenga hukosea mara chache zaidi.

Fungueni mikebe yenu ya hesabu mwaone. Bikari, rula, kipima pembe na vingine kwa pamoja ni seti, kundi la vitu. Lakini kile kifaa cha pembetatu kiitwacho “set square” hakihusiani na kundi. Pembe yake imekazwa tangu kiwandani, haigeuki, na huyo ni mgeni wa kwanza. Wageni wote wawili wamo katika mkebe mmoja.

Lugha haikutulia. Siku hizi vijana wamemleta hata yule wa kitenzi katika Kiswahili, nao huseti simu, huseti saa, huseti mambo. Sina ugomvi mkubwa nao, maana lugha hukopa kama watu wakopavyo. Ila aliyeseti kila kitu amejikuta na neno moja pale babu yake alipokuwa na kutega, kulinganisha, kupanga na kutengeneza. Amekopa huku ana akiba nyumbani.

Limebaki jambo la majirani, na hili ningependa wazazi nao walisome. Kiingereza hupenda kuliwekea neno hili mwenzake mfupi nyuma, na mwenzake huyo huligeuza lote. Likifuatwa na “off” laweza kuwa kuanza safari, au kulipua baruti, na katika karatasi za benki ni kukata deni moja kwa jingine, hata benki ikachukua kutoka akiba ya mdaiwa kile inachomdai. Likifuatwa na “in”, na habari ni ya mvua, maana yake mvua imeanza na haielekei kuacha. Likifuatwa na “back” ni kurudisha nyuma. Na likifuatwa na “aside” yategemea uko wapi. Jikoni ni kuweka kando: unga umekwisha kuchekechwa, uweke kando. Nyumbani ni kuweka akiba. Mahakamani ni kutengua.

Hiyo ya mwisho si mchezo. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Lakini hukumu nyingi za miaka iliyotangulia zimeandikwa kwa Kiingereza, na watu wangali wanazo majumbani, ndani ya bahasha chini ya godoro, za mashamba na mirathi. Mtu aliyeshinda kesi ya shamba akipata karatasi isemayo kwamba hukumu ile imekuwa “set aside”, na mtoto wake wa Kidato cha Tatu akamsomea kwamba hukumu imewekwa kando, mzee aweza kufurahi akidhani imehifadhiwa mahali pazuri. Kumbe imetenguliwa, ushindi wake haupo, na siku za kukata rufaa zaendelea kuhesabiwa wakati yeye akinywa chai. Vilevile karatasi isemapo kesi ni “set down” kwa kusikilizwa, haikushushwa wala kuangushwa. Imepangiwa siku, na asiyekwenda siku hiyo amejiharibia. Mtoto anayemsomea mzazi wake karatasi ya namna hii na asome sentensi nzima, na jirani za neno pande zote mbili, na akisita aseme amesita ili mzee atafute mtu wa sheria.

Kwa wanafunzi, nitawaambia nifanyavyo darasani kwangu. Hatuandiki neno na maana yake mkabala. Daftari la namna hiyo, neno kushoto na tafsiri kulia, ndilo lililotuletea jua liwekalo. Twaandika sentensi nzima kama tulivyoikuta, na somo tulilolikutia, kisha sentensi nzima ya Kiswahili jinsi fundi, mkulima au muuguzi angalivyosema. Katika muhula mmoja Kidato cha Pili walikusanya sentensi 41 za neno hili kutoka vitabu vyao vya masomo yote, na maneno ya Kiswahili yaliyohitajika yalikuwa 23. Neno weka lilitumika mara sita.

Mhariri ameniruhusu kuacha sentensi moja ya kujaribia. Nimeitunga mwenyewe, nayo si nzuri, lakini neno letu limo mara sita: “Before the sun set, the doctor set the bone, set his clock for six, set aside his set of instruments and waited for the plaster to set.” Itafsirini kwa Kiswahili ambacho bibi yenu angekielewa bila kuuliza, na mwangalie saa ile isiwaponyoke. Majibu yaletwe kwa Mhariri kabla ya shule kufungwa. Tafsiri tatu zilizo bora zitachapwa katika toleo la muhula ujao.